Kulala Karibu na Kalenga

Wifi yangu aliposikia kwamba tunakwenda Iringa likizo ya Juni na kwamba safari hii hatutafikia kwake, alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, maneno yaliyoniuma kuliko kama angenigombeza: "Wifi, ndugu tupo na nyumba ipo, halafu mnakwenda kulala kwenye hema kama watu wasio na kwao?" Siku ile sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia tu kwamba watoto wanataka kulala nje, kwamba kambi yenyewe iko kilomita kumi na kitu kutoka mjini, na kwamba Jumamosi tungemtaka aje na wanawe wote tushinde pamoja. Aliitikia kwa adabu, lakini nilijua kwamba nimemgusa pabaya, kwa sababu kwa watu wa mume wangu, kama ilivyo kwetu Tanga, mgeni anayepita mlango wa nduguye na kwenda kulipa malazi mahali pengine ametoa kauli nzito, hata kama hakukusudia.

Jibu lenyewe nilikuwa nalo moyoni, ila lilihitaji maneno mengi kuliko simu inavyoruhusu. Tangu niolewe nimekwenda Iringa mara nyingi, na kila mara safari imekuwa ile ile: tunafika usiku tumechoka, tunakaribishwa sebuleni, tunakula, tunasalimia nyumba hii na ile, tunahudhuria msiba au harusi iliyotupeleka, na siku ya tatu tunarudi Dar es Salaam. Mara mbili tulikwenda kuangalia wanyama Ruaha na kuipita njia inayoingia Kalenga, umbali wa kilomita kama kumi na tano tu kutoka mjini, na mara zote mbili baba watoto alinyoosha kidole na kusema, "Huko ndiko kwa Mkwawa," nasi tukaendelea na mwendo. Watoto wangu wana damu ya Kihehe, wanalijua jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kutoka kwenye vitabu vya shule, na walikuwa hawajawahi kukanyaga mji wake. Nilitaka tuende mahali pale bila haraka, tukiwa na siku za kutosha za kurudi mara ya pili kama mara ya kwanza haikutosha, na nilitaka watoto walale wakisikia mto ule ule uliopita chini ya ukuta wa Kalenga. Sebuleni kwa wifi, pamoja na upendo wake wote, mto hausikiki.

Barabara ya Dar es Salaam hadi Iringa ni karibu kilomita mia tano, na sitaieleza yote, kwa maana kila aliyeipita anaijua: twiga na tembo wa Mikumi wanaoonekana kutoka dirishani, mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, halafu mlima wa Kitonga, ambako malori yanapanda kwa kunguruma na abiria wote ndani ya gari wananyamaza bila kuambizana. Juu ya Kitonga hewa inabadilika ghafla. Ukifika Ilula, kwenye matenga ya nyanya yaliyopangwa kando ya lami, unafunga dirisha la gari na kutafuta sweta.

Kilomita chache baada ya hapo binti yangu, aliye darasa la sita, alisoma jina kwa sauti kisha akageuka kunitazama. "Mama, Lugalo si kule Mwenge?" Kwa mtoto wa Dar es Salaam, Lugalo ni kambi ya jeshi na hospitali, ni kituo ambacho konda wa daladala hukitaja mara elfu kwa siku, na haikuwahi kumjia akilini kwamba jina lile lilitoka mahali fulani na kwamba mahali hapo pana majani, vilima na watu wanaolima mahindi. Baba yake alisimamisha gari, tukashuka sote.

Pale Lugalo, Agosti 17, 1891, jeshi la Wahehe lililojificha kwenye vichaka liliushambulia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa majeshi ya Wajerumani katika koloni lao jipya, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo kwa jinsi alivyowatwanga. Nyundo alikuwa ametoka pwani akichoma vijiji njiani, akiamini kwamba watu wenye mikuki hawawezi kuzisogelea bunduki zake. Mapigano yenyewe yalikuwa ya dakika chache. Msafara ulikuwa umejipanga mstari mrefu mwembamba, wengi hawakupata hata nafasi ya kujaza risasi, na ulipotulia moshi Zelewski mwenyewe alikuwa amekufa pamoja na Wajerumani wengine tisa na askari wao zaidi ya 200, ambao wengi wao walikuwa Waafrika walioajiriwa kutoka mbali, wakiwamo Wasudani. Wahehe nao walipoteza watu wengi siku ile, jambo ambalo husahaulika katika kusherehekea ushindi.

Mnara uliopo uliwekwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Binti yangu aliuzunguka polepole, kisha akamwuliza baba yake swali ambalo hakulitarajia: "Na Wahehe waliokufa, wao wameandikwa wapi?" Mume wangu alitazama chini kwa muda. Alimjibu kwamba majina yao yalibaki kwenye koo zao, kwamba wengine walirithishwa wajukuu, na kwamba huenda hata katika ukoo wao liko jina la namna hiyo ambalo wanaliita kila siku bila kujua. Nilifurahi kwamba hakumdanganya kwa kumwambia yameandikwa mahali fulani.

Kambi tuliifikia alasiri. Unaacha lami, unashuka kwa njia ya vumbi jekundu katikati ya mashamba, halafu miti inakuwa mingi zaidi na unausikia Ruaha Mdogo kabla ya kuuona. Mto huu unatoka kwenye nyanda za juu za Mufindi, unapita Kalenga, unauzunguka mji wa Iringa kwa chini, kisha ndipo unapofika hapa tulipopiga hema, ukielekea kuungana na Ruaha Mkuu karibu na bwawa la Mtera. Niliwaeleza watoto kwamba maji wanayoyatazama yalikuwa Kalenga kabla ya kufika kwetu, na kwamba yakitoka hapa yanakwenda Mtera, yanakwenda Kidatu, yanaingia Rufiji na mwisho baharini. Mdogo wao, mwenye miaka saba, alitupa jani majini na kuliaga mpaka lilipopotea kwenye kona.

Ninaieleza kambi kwa urefu kidogo kwa sababu wasomaji wengi, nikizungumza nao, hudhani kwamba kupiga kambi ni mambo ya watalii wenye magari makubwa na kwamba familia yenye watoto wadogo haiwezi. Kambi za namna hii ni uwanja wa majani uliosawazishwa, wenye kivuli, ambako unalipa kwa kichwa kwa kila usiku na watoto hulipa pungufu. Asiyetaka hema anaweza kupanga kibanda chenye vitanda. Vyoo na mabafu viko kwenye jengo moja, safi, na maji ya moto yanatoka kwenye pipa kubwa linalochochewa kuni kila jioni na asubuhi, hivyo anayetaka kuoga vizuri anajifunza kuulizia kuni zimewashwa saa ngapi. Kuna banda la kupikia lenye mafiga na meza ndefu. Kuna jiko la wenye kambi pia, ambako waweza kuagiza chakula ukichoka, na siku ya kwanza tuliagiza wali, maharage na mnafu uliopikwa kwa karanga, chakula cha kawaida kabisa ambacho kwa njaa ile na baridi ile kilikuwa kitamu kupita kiasi. Kuhusu mto, amri ilikuwa moja na tuliisema mara ya kwanza na ya mwisho: hakuna mtoto anayeukaribia bila mtu mzima. Watoto waliitii, labda kwa sababu hatukuwawekea amri nyingine yoyote.

Familia nyingine mbili zilikuwapo, moja kutoka Dodoma na nyingine ya wageni waliokuwa wakisafiri kuelekea Zambia. Ndani ya saa moja watoto walikuwa wameunda timu za mpira bila kuulizana majina. Hapa ndipo nilipoona faida ambayo sikuifikiria. Nyumbani kwetu Dar es Salaam, ndani ya geti, mtoto akitaka kucheza na mwenzake inabidi wazazi wawasiliane kwanza. Pale kambini walitoka kwenye mahema yao asubuhi kama watoto wa kijiji wanavyotoka kwenye nyumba zao, na kila mama aliyekuwa karibu ndiye aliyekuwa mama.

Usiku wa kwanza ulitufundisha. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni baridi ya usiku huteremka hadi karibu nyuzi 10, baridi ambayo mtu wa Tanga au Dar es Salaam huijua kwa kusikia tu. Hema letu, lililonunuliwa kwa haraka kwenye duka moja mjini, lilikuwa na turubai jembamba na vigingi vya bati vilivyopinda vilipogusa ardhi ngumu. Nilikuwa nimeleta blanketi moja kwa kila mtu, na magodoro ya sponji tuliyatandika moja kwa moja juu ya sakafu ya hema. Saa nane za usiku nilimsikia mdogo akitetemeka, nikamvuta kifuani kwangu, na nikakaa macho hadi alfajiri nikimsikiliza bundi ng'ambo ya mto na nikimwomba Mungu kuche.

Asubuhi kijana wa kambi alikuja na panga, akakata vigingi vya mti, akaligeuza hema ili mlango uache kuelekea upande wa mto, ambako ndiko upepo wa alfajiri unakotoka. Kisha akatuletea mikeka miwili minene ya kutandika chini ya magodoro. "Baridi ya huku, mama, haitoki juu," aliniambia, "inatoka chini, ardhini." Nimekuwa nikilirudia neno lake kwa kila anayeniuliza habari za kupiga kambi nyanda za juu: blanketi la tatu liweke chini ya mgongo, si juu ya kifua. Tangu siku hiyo tulilala vizuri.

Na asubuhi za pale sijui nizielezeje. Ukungu unalala juu ya mto kama pamba iliyochambuliwa, huoni maji, unayasikia tu, halafu jua linapopanda juu ya vilima ukungu unaanza kuondoka kwa vipande, hapa mti unatokea, pale jiwe, mpaka mto wote uko wazi na unang'aa. Binti yangu alikuwa akiamka peke yake, anajifunga blanketi, anaketi juu ya gogo na kikombe cha chai akitazama. Mtoto yule nyumbani huamshwa mara tatu.

Jumamosi wifi alikuja. Alikuja na wanawe wanne, na kuku wawili, na sufuria lake mwenyewe, na alipotoka kwenye gari aliyatazama mahema kwa makini ya mtu anayekagua nyumba ya mkwe. Nilimsalimia kwa Kihehe kidogo nilichonacho, "Kamwene," akaitikia "Kamwene" na kunikumbatia. Mchana tulipika pamoja kwenye mafiga, ugali na kuku kwa mchuzi, na jioni tulikoka moto mkubwa, watoto wakachoma mahindi, na mume wangu, ambaye nyumbani si msemaji, akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi babu yake alivyokuwa akiwakalisha kuzunguka moto vilevile na kuwaambia kwamba jina la Wahehe limetokana na ukelele wao wa vita, "hee, hee," na wajukuu walikuwa wakiupiga ukelele ule mpaka bibi anatoka ndani kuwakemea. Wanawe na wa dada yake waliupiga pale pale. Hakuna aliyetoka kuwakemea. Wifi alibaki hadi usiku wa manane, na tulipompa blanketi akajilaza kwenye kibanda na watoto wake, akisema kwamba barabara ya vumbi haifai kuendeshwa gizani. Barabara ilikuwa nzuri tu, lakini nilifurahi.

Asubuhi, tulipokuwa tukijiandaa kwenda Kalenga, ndipo aliponiambia jambo lililonishtua. Alizaliwa Iringa, amesoma Iringa, amezaa watoto wanne Iringa, na hajawahi kuingia kwenye makumbusho ya Mkwawa. Hakuona aibu kulisema, na kwa kweli si la aibu. Mimi nami nimekulia Tanga na nilikuwa mtu mzima nilipoyaona mapango ya Amboni. Kitu kilicho karibu na mlango wako hukiahirisha kwa sababu unajua hakitaondoka. "Basi leo mnanipeleka nyie wageni," alisema, akavaa kitenge chake kizuri.

Kalenga ya leo ni kijiji cha kawaida cha wakulima. Mtu anayekuja akitarajia ngome atasikitika mara ya kwanza, kwa sababu hakuna minara, hakuna lango, na ukuta ule mkubwa wa mawe na udongo ambao Mkwawa aliujenga kuuzunguka mji wake, ngome iliyoitwa Lipuli, umebaki kama matuta na mistari ya mawe ambayo bila kuonyeshwa utaipita ukidhani ni mpaka wa shamba. Jina la Lipuli siku hizi wengi hulijua kama la timu ya mpira ya Iringa, na mji wenyewe wa Iringa umepata jina lake kutokana na neno la Kihehe la ngome, lilinga. Hivyo watu wanataja ngome kila siku, wakikata tiketi ya basi na wakishangilia bao, ilhali ngome yenyewe iko chini ya nyasi. Mzee aliyetuongoza, tuliyemwamkia sote "shikamoo" na akatuitikia mmoja mmoja, alitupeleka kwenye tuta moja na kumwambia mwanangu mdogo apande juu. "Hapo ulipo," alimwambia, "umesimama juu ya ukuta." Mtoto alitazama miguu yake, akavua viatu.

Wajerumani walirudi miaka mitatu baada ya Lugalo, safari hii wakiwa na mizinga. Oktoba 30, 1894 waliivunja Kalenga. Mkwawa alitoroka, na kwa miaka minne aliyokuwa akisakwa hakukamatwa, kwa sababu watu wake walimficha na kumlisha ingawa Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, fedha ambayo kwa mkulima wa wakati ule ilikuwa utajiri usiohesabika. Julai 19, 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa karibu, alijipiga risasi mahali panapoitwa Mlambalasi. Askari waliomkuta walikikata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Makumbusho ni jengo dogo. Ndani yake kuna mikuki, ngao, bunduki na vitu vya nyumbani kwa mtawala, na katikati, ndani ya sanduku la kioo, kuna fuvu. Niliogopa jinsi watoto watakavyolipokea, nikawa nimejiandaa kuwatoa nje mara moja kama mdogo angeogopa. Hawakuogopa. Walinyamaza, na ukimya wao ulikuwa wa heshima, kama wanavyonyamaza wakiingia kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mzee alisimulia taratibu jinsi Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba uliomaliza vita vya dunia nzima, ulivyoweka kifungu cha 246 kinachoidai Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa, na jinsi miaka ikapita bila kitu, mpaka gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen na kulichagua fuvu hili kati ya mengi yaliyokuwapo. Lilikabidhiwa Kalenga Juni 19, 1954, kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1962, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Wapo wanaouliza kama kweli fuvu lililochaguliwa kwa vipimo na tundu la risasi ndilo lenyewe. Nimeyasoma hayo, na nayaheshimu maswali hayo, lakini nikiwa nimesimama pale, nikimwona wifi yangu amefunika mdomo kwa upindo wa kitenge chake, niliona kwamba watu wa Kalenga walikwisha kulipokea, wakalilaza kwao, na kwamba jambo hilo lina uzito wake lenyewe.

Binti yangu ndiye aliyeuliza tena. Mzee alipomwambia kwamba mwili uko Mlambalasi, mwendo wa kilomita kadhaa kuelekea njia ya Ruaha, na kichwa kiko hapa, alikunja uso. "Kwa hiyo mpaka leo hajalala pamoja?" Mzee hakumjibu haraka. Alimshika mkono akampeleka nje, kwenye makaburi ya ukoo, alipolala Sapi mwana wa Mkwawa na Adam Sapi mjukuu wake, akamwambia: "Mjukuu wangu, kichwa kiko na watoto wake. Mwili uko mahali alipochagua mwenyewe kwamba hatachukuliwa tena. Vyote viwili viko kwao." Sijui kama jibu hilo lilimtosha. Mimi lilinitosha, na bado ninalitafakari.

Tulikaa kijijini hadi alasiri. Akina mama walikuwa wamekaa kivulini wakisuka vikapu vya milulu, nyasi zile ndefu nyembamba zinazoota mabondeni, na mmoja alimwonyesha binti yangu jinsi ya kuanza kitako cha kikapu: nyuzi chache katikati, unazikunja kama nyota, kisha unazunguka polepole ukikaza kila duru kwa kidole gumba, kwa sababu kitako kikilegea kikapu kizima kitaegemea upande. Alipewa kianzio akakibeba. Tulishuka mtoni pia, kwenye Ruaha Mdogo ule ule, na mdogo akatupa jani lingine, akatuambia tuharakishe kurudi kambini tuwahi kulipokea. Tulirudi. Alikaa ukingoni na baba yake mpaka giza likaingia.

Siku ya mwisho tulikwenda Isimila, barabara ya Mbeya, kilomita kama ishirini kutoka mjini, kuona zana za mawe za watu walioishi huko maelfu mengi ya miaka kabla ya Mhehe au mtu mwingine yeyote kuwa na jina, na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Watoto wa wifi walizipenda nguzo zile kuliko kitu chochote cha safari nzima. Mimi nilizitazama kwa nusu ya akili. Nilikuwa bado Kalenga.

Nina ombi moja kwa wenye kambi, wa Iringa na kwingineko, na nalisema kwa sababu nazipenda kambi hizi. Mara nyingi, familia ya Kitanzania ikipiga simu kuulizia nafasi ya hema, huulizwa kwanza kama inamaanisha ukumbi wa sherehe au semina. Tupokeeni kama wageni wa kawaida. Wekeni mikeka ya kukodisha, wekeni blanketi, mwambieni mgeni saa ya maji ya moto, na zaidi ya yote mwambieni kwamba Kalenga iko karibu na kwamba yafaa siku nzima. Wageni waliokuwa wakielekea Zambia walilala usiku mmoja kando ya mto uliotoka kwa Mkwawa na kuondoka asubuhi bila kujua. Walishangaa tulipowasimulia, wakajuta kwamba ratiba yao haikuwa na nafasi.

Tulipokunja hema, majani yaliyokuwa chini yake yalikuwa yamelala na kugeuka manjano, umbo la mstatili katikati ya uwanja wa kijani. Wifi alikuja kutuaga akiwa na debe la mahindi na mfuko wa maharage, kama desturi, na hakusema neno lolote kuhusu hema. Wiki iliyopita alinipigia simu. Aliuliza habari za watoto, akauliza habari za mama yangu, akaeleza habari za mvua, na karibu na kukata simu akaniuliza hema letu linaingiza watu wangapi, kwa sababu amemwambia mumewe kwamba mwakani wanawe nao wataifika Mlambalasi, na kutoka kwake mpaka kule kuna mwendo ambao hataki kuukimbiza kwa siku moja.